SOMO LA AFYA KAZINI: VIRUSI VYA MACHO MEKUNDU HUINGIAJE MWILINI?



Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Tanzania, Pwani ya Kenya na Uganda. Sisi wa Busia na Tororo tunaishi mpakani, ambapo malori na watu hupita usiku na mchana. Ugonjwa wa upande mmoja haukawii kuvuka. Virusi vya namna mbalimbali huleta macho mekundu. Leo tujifunze namna moja, adenovirusi, ambavyo pia huleta mafua, kikohozi na kuharisha.

Adenovirusi ni nini?

Vilitambuliwa Marekani mwaka 1953. Virusi kama elfu kumi vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja. Kila kirusi ni ganda la protini lenye pande 20 na pembe 12, na ndani mna maagizo ya kutengenezea virusi vingine. Kila pembe ina mkono wenye kifundo mwishoni. Kirusi hakiwezi kuzaana chenyewe: ni lazima kitumie chembe hai za mwili wetu.

Huingiaje?

1. Kushika. Kifundo hushika protini iliyo juu ya chembe. Protini hiyo haikuwekwa kwa ajili ya virusi. Mara nyingi ni ile inayosaidia kuunganisha chembe na jirani yake.

2. Kumezwa. Kitako ambacho mkono umeshikizwa hushika protini ya pili, na chembe hukimeza kirusi ndani ya kifuko.

3. Kutoroka. Ganda hulegea, kirusi hupasua kifuko na kutoka.

4. Kusafirishwa. Chembe yenyewe hukibeba hadi kwenye kiini chake. Maagizo huingia humo, na chembe huanza kutengeneza maelfu ya virusi, kisha hufa.

Funzo kwetu

Virusi vya korona vina utando wa mafuta, ambao sabuni huuvunja. Adenovirusi havina utando huo. Sabuni huviondoa mkononi tu, nayo maji yanayotiririka huvichukua. Kwa hiyo beseni moja la wote na taulo moja la wote ni njia ya ugonjwa. Juu ya vitasa na vyombo vya kazi vinaweza kukaa siku nyingi. Vipanguswe kwa dawa ya klorini.

Vumbi la saruji nalo huwasha macho. Mwenye macho mekundu apimwe, asikisiwe.

Haki zetu

Anayeugua akija kazini kwa kuogopa kukatwa mshahara, huwaambukiza wenzake. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 humpa aliyetimiza mwezi mmoja mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Pande zote mbili, mwarifu mwajiri mapema na uchukue cheti cha daktari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maji ya bomba ni bora kuliko beseni?
2. Kazini kwetu kuna mabomba mangapi, kwa watu wangapi?
3. Nani kati yetu aliwahi kufanya kazi akiumwa macho, na kwa sababu gani?

Mjumbe wa chama aandike majibu na kuyapeleka katika mkutano na mwajiri.