Mzio wa Nyama ya Mamalia: Soma Orodha Yote ya Viambato

Mzio huu, uitwao sindromu ya alfa-gali, hutokana na kuumwa na kupe. Nchini Marekani, kupe ahusikaye zaidi ni yule ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni. Baada ya kuumwa, mwili wa mtu huweza kuanza kuipinga alfa-gali, ambayo ni sukari iliyomo katika nyama ya ng'ombe, nguruwe, mbuzi, kondoo na mamalia wengine. Kuku, mayai na samaki hawana sukari hiyo. Dalili kwa kawaida huanza saa 2 hadi 6 baada ya mlo, hivyo wengi hawatambui chakula kilichowadhuru.

Sheria ya Marekani huwataka watengenezaji wavitaje vizio vikuu 9 tu: maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya na ufuta. Nyama ya mamalia haimo. Kwa hiyo mstari unaoanza kwa neno "Contains" hautoshi kukulinda. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta nyama na mafuta yake. "Lard" ni mafuta ya nguruwe. "Tallow" ni mafuta ya ng'ombe au kondoo. Kagua pia maharage ya kopo na vidonge vya kuungia mchuzi. Soseji ya kuku nayo huweza kujazwa katika utumbo wa nguruwe.

2. Tafuta jelatini, hasa katika peremende laini na baadhi ya mtindi. Isipoelezwa kuwa ni ya samaki, ichukulie kuwa imetokana na ng'ombe au nguruwe.

3. Shuku maneno yasiyotaja asili. "Natural flavors", gliserini na stearati huweza kutoka kwa mmea au mnyama. Mpigie simu mtengenezaji umuulize: "Je, kiambato hiki kimetokana na mamalia?" Asipokuwa na jibu la hakika, kiache chakula hicho.

4. Usitegemee nembo pekee. Nyama ya mbuzi iliyo halali bado ina alfa-gali. Karaginani, itokanayo na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar, nayo ina sukari hiyo, na huweza kuwamo hata katika chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama.

Si kila mgonjwa hudhurika kwa maziwa. Shauriana na daktari kabla ya kuyaacha. Mweleze pia mfamasia, kwa kuwa maganda ya baadhi ya dawa hutengenezwa kwa jelatini.

Rudia ukaguzi kila ununuapo, kwani viambato hubadilishwa hali pakiti ikibaki ileile. Ukipata shida ya kupumua, uvimbe wa koo au kizunguzungu kikali, tumia sindano ya epinefrini ikiwa umeandikiwa, kisha piga simu 911 bila kuchelewa.