Somo la 27: Maghala Mawili ya Msitu

Mkulima mmoja wa karibu na Kisangani alikata pori apate shamba la mpunga na muhogo. Miti ilipokwisha kukauka, akaitia moto. Moto ulipozimika, mtoto wake alisimama mahali ulipokuwa umelala mti mmoja. Wanaume wanane hawakuweza kuuinua mti ule. Sasa jivu lake halikujaza kikapu kimoja.

“Baba,” akauliza, “uzito wa mti umekwenda wapi?”

“Mwanangu, mimi najua kulima,” baba akajibu. “Neno hilo kamwulize mwalimu wako.”

Kesho yake mwalimu alichukua kijiti kikavu, akakitia motoni kidogo, akakitoa. Kilikuwa cheusi.

“Tazameni,” akasema. “Weusi huu ni ukaa, ndio ule wa makala ya jikoni. Wataalamu huuita kaboni. Mti uliokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni ukaa.” Kisha akakirudisha kijiti motoni mpaka kikawa jivu jeupe. “Na sasa weusi uko wapi? Umeungana na hewa, umekuwa hewa ya ukaa. Macho hayaioni, lakini ipo. Huko ndiko ulikokwenda uzito wa mti.”

Mtoto akauliza tena, “Na mti uliupata wapi ukaa huo? Katika udongo?”

Watu wengi wa zamani walidhani hivyo. Lakini katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, mganga mmoja jina lake Jan Baptist van Helmont, aliyekufa mwaka 1644, alifanya jaribio. Alitia katika chombo kilo 90 hivi za udongo mkavu, akapanda humo mti mdogo wa kilo 2 na zaidi. Kwa miaka 5 aliunywesha maji tu. Mwishoni mti ulikuwa na kilo 76 hivi, na udongo ulikuwa umepungua gramu 60 tu! Van Helmont alifikiri kwamba mti wote umetoka katika maji. Hakukosea kabisa, lakini hakujua kazi ya hewa. Baadaye wataalamu wengine walionyesha kwamba majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huiunganisha na maji, yakafanya chakula cha mti. Kwa chakula hicho mti hujenga shina, matawi na mizizi.

Basi msitu ni ghala la ukaa. Tena ni maghala mawili. La kwanza ni miti yenyewe. La pili liko chini ya miguu. Majani huanguka na kuoza. Mchwa, nyungunyungu na uyoga huyavunjavunja, na sehemu yake hugeuka kuwa udongo mweusi. Udongo wa dunia yote una ukaa mwingi kuliko mimea yote na hewa yote vikiwekwa pamoja.

Mtu akikata miti na kuichoma, ghala la kwanza humwagika kwa siku chache. La pili humwagika polepole: jua huupiga udongo, jembe huufungua, mvua huuchukua, na majani ya miti hayaanguki tena juu yake. Pori likigeuzwa kuwa shamba la kulimwa kila mwaka, mara nyingi udongo hupoteza karibu sehemu moja kwa nne ya ukaa wake.

Hasara yake ni mbili. Kwanza, hewa ya ukaa ikizidi, huzuia joto lisitoke duniani, kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Pili, udongo uliopoteza weusi wake haushiki vema maji wala chakula cha mimea, na mavuno hupungua.

Kule Yangambi, kando ya mto Kongo, tangu mwaka 2020 kuna mnara wa meta 55 katikati ya msitu, mrefu kuliko miti. Vyombo vilivyo juu yake hupima hewa ya ukaa inayoingia msituni na ile inayotoka.

Jioni mtoto alimweleza baba yake mambo hayo yote. Baba alinyamaza, kisha akasema, “Mwezi ujao nilitaka kukata mpaka mtoni. Walaji wa nyumba hii ni wanane. Hewa hailiwi, mwanangu.”

“Ni kweli, Baba. Lakini lile shamba la zamani lilichoka kwa nini?”

Baba akakumbuka. Babu alikuwa akiacha shamba lipumzike hata miti iwe minene kama paja la mtu. Yeye mwenyewe alilirudia baada ya miaka 3, kisha baada ya miaka 3 tena. Msitu mkubwa uliokatwa huhitaji zaidi ya miaka 100 ili ujaze tena ghala la miti yake. Udongo hupona upesi zaidi, lakini nao sharti uachwe upumzike.

Mkulima yule hakukata mpaka mtoni. Katika shamba jipya alipanda karanga kati ya mihogo. Magugu hakuyachoma, ila aliyalaza juu ya udongo yaoze. Katika shamba la zamani alipanda miti ya kuni, akaliacha. Mwaka ule chakula hakikuwa kingi, na mama alipima unga kwa uangalifu. Lakini pori la mtoni lilibaki limesimama.

Mungu amempa mtu ardhi apate kula. Amempa pia watoto, nao watahitaji kula katika ardhi ile ile.

MAULIZO

1. Kwa nini jivu la mti ni jepesi kuliko mti wenyewe?
2. Van Helmont alijua nini, na hakujua nini?
3. Taja maghala mawili ya msitu. Lipi humwagika upesi?
4. Waulize wazee wa kwenu: zamani shamba lilipumzika miaka mingapi? Na leo?