Dondoo muhimu: Kukarabati nyumba Makindu bila kuvuruga shule

Anza na paa mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa na mvua za Novemba hazijafika. Mabati na mifereji ya kupeleka maji tangini kwanza, rangi itasubiri.

Maji ndiyo gharama inayosahaulika. Plasta mpya humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7 hivi, na kwa jua la Ukambani, ukiiacha ikauke haraka itapasuka. Jaza mitungi kabla fundi hajachanganya simiti.

Shule zikifunguliwa kazi haijaisha (na aghalabu huwa haijaisha), chumba kimoja kisiguswe: sare, vitabu na taa vikae humo, mbali na vumbi. Nyundo ianze watoto wakishaondoka.

Karo itengeni kabla ya kununua msumari wa kwanza.