Wakili Anachelewesha Nyumba Yako? Uliza Faili Iko Wapi, Kisha Linda Pesa Yako

Umepata nyumba. Mmeelewana bei na muuzaji, umelipa amana, mkataba umetiwa saini. Halafu, kimya. Ukipigia ofisi ya wakili unaambiwa, "Tunafuatilia." Wiki inayofuata, "Bado kidogo." Mwezi unaisha, na wewe bado unalipa kodi kwa landilodi.

Kimya hicho kina hatari mbili. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho iliyo kwenye mkataba. Ya pili ni kwamba mtu aliyechoka kungoja hutuma pesa mahali ambapo hangetuma akiwa ametulia. Leo tunajifunza jinsi ya kusukuma kazi bila kuhatarisha pesa yako.

Hesabu siku zako kwanza

Mikataba mingi ya kuuza nyumba Kenya hutoa siku 90 za kukamilisha mauzo, na amana huwa asilimia 10 ya bei. Tuseme unanunua nyumba ya shilingi milioni 6 mjini Nakuru. Amana yako ni shilingi 600,000.

Siku zikiisha na ni upande wako uliozembea, muuzaji anaweza kukupa notisi ya kukamilisha. Kwa Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK), notisi hiyo ni ya siku 21, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine. Ikipita hivyo hivyo, anaweza kuvunja mkataba na ukapoteza amana. Muuzaji akizembea, wewe pia una haki ya kumpa notisi.

Shika jambo hili: kwa macho ya upande wa pili, wakili wako akichelewa, ni wewe umechelewa.

Kama ni shamba, kuna saa nyingine inayohesabu. Ombi la ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila ridhaa hiyo, sheria inasema mauzo ni batili.

Faili hukwama wapi?

Si kila kuchelewa ni uvivu wa wakili. Mara nyingi faili iko kwa meza ya mtu mwingine, au inangoja karatasi kutoka kwako. Hizi ndizo sehemu za kuulizia:

1. Sachi ya ardhi. Huu ni ukaguzi wa rekodi kwenye sajili kuonyesha mmiliki ni nani, na kama kuna mkopo au zuio. Kulingana na mahali ardhi ilipo, hufanywa kupitia Ardhisasa au eCitizen. Sachi isifanywe baada ya kulipa amana, ifanywe kabla.

2. Ridhaa. Nyumba ya familia huhitaji ridhaa ya mume au mke wa muuzaji. Ardhi ya lizi kutoka kwa serikali huhitaji ridhaa ya kuhamisha.

3. Vyeti vya madeni. Muuzaji anapaswa kuonyesha kwamba reti za kaunti zimelipwa, na kodi ya ardhi pia kama ni lizi. Akiwa na deni la miaka, mambo husimama hapo.

4. Ushuru wa stempu. Mthamini wa serikali hukadiria thamani, kisha mnunuzi hulipa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini au asilimia 2 kwa ya mashambani. Kwa ile nyumba ya Nakuru, ni shilingi 240,000, au zaidi kama thamani iliyokadiriwa imezidi bei. Wanunuzi wengi husahau kuiweka kando, halafu wanalaumu wakili.

5. Kodi ya faida ya mtaji. Hii ni ya muuzaji: asilimia 15 ya faida, tangu Januari 2023. Kama alinunua kwa milioni 4 na anauza kwa milioni 6, faida ni milioni 2 kabla ya kutoa gharama zinazoruhusiwa, kwa hivyo kodi haitazidi shilingi 300,000. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza inaweza kusamehewa.

6. Benki. Ukinunua kwa mkopo, wakili wa muuzaji hungoja ahadi rasmi ya maandishi kwamba pesa italipwa baada ya usajili. Bila hiyo, hataachilia hati miliki.

Uliza swali lenye tarehe

"Wakili, tumefika wapi?" ni swali rahisi kukwepa. Andika ujumbe mfupi unaohitaji jibu kamili:

*"Habari za asubuhi Wakili. Siku yetu ya 90 ni tarehe 14 mwezi ujao. Naomba kujua: cheti cha reti kiliombwa tarehe gani? Kimetoka? Kuna karatasi yoyote unangoja kutoka kwangu? Naomba jibu kufikia Ijumaa. Asante."*

Tuma kwa barua pepe au WhatsApp ili ubaki na rekodi. Ukipiga simu, malizia kwa ujumbe wa kurudia mlichokubaliana. Akikwambia ombi limepelekwa, omba kwa upole nakala ya risiti au nambari ya ombi. Kazi iliyofanyika huwa na karatasi.

Ukiona siku 90 hazitatosha, mwombe wakili atafute nyongeza ya muda mapema, iandikwe na pande zote zitie saini. "Tulielewana kwa simu" haitakusaidia mambo yakiharibika.

Usiharakishe pesa

Hapa ndipo watu huumia. Muuzaji anakwambia, "Wakili wangu ni mzito, nitumie mimi moja kwa moja tumalizane." Ukituma, umemaliza nguvu yako ya kumfanya alete hati. Fuata mkataba: pesa iingie kwenye akaunti ya wateja ya wakili iliyotajwa humo, na mkataba useme wazi ni lini anaruhusiwa kuiachilia.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo. Likitofautiana na lililo kwenye mkataba, simama. Ukipokea ujumbe kwamba "akaunti imebadilika", piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, au nenda ofisini. Usitumie nambari iliyo ndani ya ujumbe huo.

Malipo ya huduma za eCitizen huenda kwa Paybill ya serikali, 222222, wala si kwa nambari ya karani. Mtu akikuomba "kitu kidogo" faili isonge, hiyo ni hongo. Haina risiti, na kesho ataomba tena. Hifadhi kila ujumbe wa malipo na upige picha ya skrini, kwa sababu simu hupotea.

Ukiona bado hajibu

Andika barua rasmi kwa mwenye ofisi, si karani, na utoe siku 7 au 14. Unaweza pia kubadilisha wakili. Lakini ujue wa kwanza anaweza kushikilia faili mpaka umlipe ada ya kazi aliyofanya, kwa hivyo omba hesabu kwa maandishi.

Hatua ya mwisho ni kupeleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili. Hapo ndipo zile jumbe zenye tarehe zinageuka ushahidi.

Na ununuzi ujao, anza vizuri. Hakikisha kwenye tovuti ya LSK kwamba wakili ana leseni ya mwaka huu. Tafuta wako mwenyewe badala ya kutumia wa muuzaji.

Kazi ya leo jioni: fungua mkataba wako, tafuta tarehe ya kukamilisha, iweke kwenye kalenda ya simu, na uweke kengele ya wiki tatu kabla. Halafu tuma ule ujumbe.