SOMO: HOFU YA KUKUTANA NA WAGENI

Kuna ugonjwa usioonekana katika damu wala katika choo, lakini unawazuia wengi kupata msaada.

Mama mmoja alitoka kijiji cha porini na mtoto mwenye homa. Alikuta benchi la wagonjwa limejaa watu asiowajua. Nami nilimwuliza kwa sauti kubwa mbele ya wote, “Mtoto ana nini?” Akainamisha kichwa, asijibu. Nikamwita mwingine. Nilipomtafuta, alikuwa amekwenda zake. Siku ya tatu alirudi, mtoto ameshikwa na degedege ya malaria. Kwa neema ya Mungu mtoto alipona. Mama yule hakuwa mjinga, wala hakukosa upendo. Hofu ilimshinda, nami niliiongeza.

1. Hofu hii hutoka wapi?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tukiona hatari, tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, kinywa hukauka. Hii ni njema ukikutana na nyoka. Lakini miili ya wengine hufanya hivyo hata wakisalimiwa na mgeni. Huwaza, “Wote wananitazama, watanicheka.”

Kwetu Fizi iko sababu nyingine. Katika vita vya 1996 na 1998 wengi walikimbia, wakavuka ziwa Tanganyika, wakakaa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Walijifunza kwamba mgeni aweza kuleta kifo. Hofu hiyo si aibu. Penye hatari ya kweli, jihadhari. Somo hili ni juu ya mgeni wa sokoni, wa kanisani na wa benchi la hospitali.

2. Kukimbia hukuza hofu

Ukiondoka, moyo hutulia upesi, nawe hudhani umepona. Kumbe umeilisha hofu. Kesho itakuja na nguvu zaidi. Ukibaki, itapanda, kisha itashuka yenyewe. Wengine hunywa pombe ili wapate ujasiri. Pombe ikiisha, hofu hurudi, na mazoea ya pombe huongezeka juu yake.

3. Ufanye nini?

a) Pumua polepole. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, uitoe ukihesabu 6. Fanya mara 10.

b) Anza na jambo dogo. Juma hili salimia kila siku mtu mmoja usiyemjua. Juma lijalo uliza bei ya dagaa kwa mwuzaji mgeni. Kisha keti karibu na mgeni, umwulize habari za safari. Rudia jambo moja mpaka liwe jepesi, ndipo uende kwa jingine.

c) Mwangalie mwenzako, usijiangalie wewe. Huenda naye anaogopa.

d) Mara ya kwanza enda na mwenzako. Musa alisema ulimi wake ni mzito, naye alipewa Haruni ndugu yake (Kutoka 4). Baadaye Musa mwenyewe alisema mbele ya taifa zima.

e) Kama moyo hupiga mbio hata ukiwa peke yako, kama umekonda, umelegea au una uvimbe shingoni, njoo upimwe. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuleta dalili hizo. Na kama hofu inakuzuia kufanya kazi, au unawaza kufa, usingoje, tuambie.

4. Neno kwa wanaopokea wageni

Wauguzi, tuulize kwa sauti ndogo, mahali pa faragha. Wazee wa kanisa, msimlazimishe mgeni kusimama mbele ya kusanyiko ajitaje. Mkaribishe, umpe mahali pa kuketi.

Nawe mama, ukishindwa kusema, tupe mtoto na useme neno moja tu: “Homa.” Hilo latosha. Homa ya mtoto haingoji aibu iishe.

MASWALI
1. Kwa nini kukimbia hakuponyi hofu?
2. Utamsalimu nani kesho?
3. Ni nani kijijini kwako anayehitaji kusindikizwa hospitalini?