Upana wa Mrija katika Upasuaji wa Mawe ya Figo
Jiwe la figo linalozidi sentimita 2 kwa kawaida huondolewa kupitia tundu dogo mgongoni. Mrija unaopitishwa hapo hupimwa kwa kizio cha Charrière, yaani theluthi ya milimita: mrija mpana wa 30 una milimita 10, mwembamba wa 18 una milimita 6. Mwembamba hupunguza upotevu wa damu. Hata hivyo, jiwe hulazimika kusagwa zaidi, upasuaji hurefuka, na maji ya kusafishia yasipotoka vizuri, shinikizo ndani ya figo hupanda na kuweza kusukuma bakteria kwenye damu. Kwa mwenye jiwe kubwa lenye maambukizi, wembamba wa mrija pekee si usalama. Akipata homa au kutetemeka baada ya upasuaji, daktari aarifiwe mara moja.