Kusahau kwa wazee: Tusikimbilie majini, tutazame na mafuta ya ubongo

Mzee anaposahau njia ya kutoka msikitini kurudi nyumbani kwake, mitaani kwetu maelezo huwa matatu. Mmoja atasema ni uzee tu. Wa pili atasema mzee amechezewa. Wa tatu atasema ana majini, asomewe. Mimi sipingi kisomo. Qur'an ni shifaa, na hilo halina ubishi kwa Muislamu. Ninachopinga ni kisomo kufanywa sababu ya kutompeleka mzee hospitali. Na ninachopinga zaidi ni bibi wa watu kuitwa mchawi kwa kuwa tu ameonekana usiku akitangatanga uani, hali ya kuwa mwenyewe hajui yuko wapi.

Ndugu msomaji, maradhi yanayoongoza kwa kuondoa kumbukumbu za wazee duniani yanaitwa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Hapa Tanzania, uchunguzi uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikuta kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na kuendelea, kiasi cha sita wanayo. Basi haya si maradhi ya Wazungu.

Alichokiona daktari Alzheimer

Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mama mmoja aliyepokelewa hospitali mjini Frankfurt akiwa na miaka 51 tu, kumbukumbu zikiwa zimempotea. Alipofariki, ubongo wake ulichunguzwa kwa hadubini. Ulikutwa umesinyaa, una mabaka ya uchafu baina ya chembe zake, na ndani ya chembe mna nyuzi zilizojisokota. Daktari huyo akaandika na jambo la tatu: matone ya mafuta ndani ya chembe zinazozihudumia neva. Mabaka na nyuzi vikapata umaarufu. Habari ya mafuta ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Ilirudi kwa kishindo mwaka 1993, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipogundua kuwa hatari ya Alzheimer inafungamana na jeni iitwayo APOE. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza protini inayobeba mafuta. Mfano wake ni hamali na mkokoteni wake sokoni: anachukua lehemu na mafuta mengine kutoka chembe moja kwenda nyingine, na anasaidia kuzoa taka. Hamali huyu yuko wa aina tatu, E2, E3 na E4. Wa aina ya E4 ni mzembe. Mafuta yanarundikana pasipotakiwa na taka haziondoki vizuri. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, aliyerithi E4 kwa mzazi mmoja hatari yake hupanda kiasi cha mara tatu, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili hupanda zaidi ya mara nane.

Je, ni mafuta ya chapati?

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini una kiasi cha asilimia 20 ya lehemu yote ya mwili. Lehemu hiyo haitoki kwenye sahani. Ubongo unajitengenezea wenyewe, kwani baina yake na damu pana kizuizi kisichoruhusu lehemu ya damu kupita.

Sasa mtu asije akasema basi tule sambusa bila hesabu. Ubongo unaishi kwa damu, na lehemu mbaya ikizidi huziba mishipa inayouletea damu hiyo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Miongoni mwake ni lehemu mbaya katika umri wa makamo, shinikizo la damu, kisukari, unene, sigara, kukaa bila mazoezi, na uziwi usiotibiwa. Walikadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa maradhi.

Kurithi nako si hukumu. Watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis. Huko Ibadan E4 haikuonekana kuwa na nguvu kama ilivyo kwa Wazungu, na lehemu za watu wake zilikuwa chini. Sisi wa mijini, kwa chipsi, soda na kupanda bodaboda hata kwenda duka la jirani, tunaelekea kwenye hali ya Indianapolis.

Tufanye nini?

Kwanza, aliyefika miaka 40 apime shinikizo, sukari na lehemu, wala asingoje kuugua. Futari isiwe vya kukaanga kila siku. Msikiti ulio karibu uendewe kwa miguu.

Pili, mzee akianza kusahau apelekwe hospitali. Wapo wanaosahau kwa sababu ya upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo au dawa wanazotumia, na hao hutibika. Kumficha ndani ni kumnyima nafasi hiyo.

Tatu, tujue haki yake. Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratul Israa aya ya 23 ametukataza hata kuwaguniea wazazi waliofikia uzee. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa kwake. Basi kwa nini mzee akaripiwe kwa kukosea rakaa? Na vipi mtoto amshikishe kalamu kusaini hati ya nyumba, ilhali anajua baba hatambui anachokisaini? Hiyo ni dhulma, na kusahau kwa mzee hakumfutii mtoto dhambi yake.

Wabillahi tawfiq.